Shule ya Kwanza ya Walimu wa Kike Marekani

Leo twataka kuwaeleza habari za shule iliyofunguliwa ikiwa na wanafunzi watatu tu. Ilikuwa tarehe 3 Julai, mwaka 1839, katika mji wa Lexington, jimbo la Massachusetts, nchi ya Marekani. Mji huo ulikwisha kujulikana kwa habari za vita, maana hapo ndipo Wamarekani na askari wa Uingereza walipoanza kupigana mwaka 1775. Sasa, katika nyumba iliyoelekea uwanja ule ule wa vita, Bwana Cyrus Peirce aliketi kuwatahini wasichana watatu waliotaka kujifunza ualimu. Hiyo ndiyo shule ya kwanza ya serikali kwa kazi hiyo katika Marekani, nayo ilikuwa ya wanawake peke yao.

Kabla ya hapo, watu wengi walidhani kuwa ajuaye kusoma ajua na kufundisha. Bwana Horace Mann, aliyekuwa katibu wa Halmashauri ya Elimu ya jimbo tangu mwaka 1837, hakukubali. Tajiri mmoja, Edmund Dwight, alitoa dola 10,000 kwa sharti kwamba serikali nayo itoe kiasi hicho hicho. Ikatoa mwaka 1838. Lakini tusiifiche sababu moja iliyowafanya wakubwa wapende walimu wa kike: mwanamke alilipwa mshahara usiofika nusu ya ule wa mwanamume.

Msichana aliyeingia ilimpasa awe ametimiza miaka 16, akae muda wa mwaka mmoja, na asilipe ada akikusudia kufundisha katika shule za jimbo. Alisoma sarufi, insha, hesabu, jiografia, historia, aljebra, jiometri, habari za mwili wa binadamu, muziki na kuchora. Orodha hiyo haina ajabu. Jambo jipya lilikuwa hili, kwamba kufundisha kwenyewe kulihesabiwa kuwa somo. Tena Bwana Peirce aliona kwamba wengi wao hawakuyashika vema hata masomo ya chini, basi akawarudisha huko. Kutoa jibu la hesabu hakukumtosha. Alitaka mtu aeleze kwa nini jibu ni hilo, maana asiyejua sababu atamwelezaje mtoto?

Kando ya darasa hilo palikuwa na shule ya mfano, yenye watoto wapatao 30 wa mji ule, wa miaka 6 mpaka 10. Wasichana waliwafundisha kwa zamu. Kila siku Bwana Peirce aliingia humo mara mbili. Pengine alikaa kimya akisikiliza tu. Pengine alishika somo yeye mwenyewe, na wasichana wakamtazama. Sisi twafikiri kuwa katika chumba hicho ndimo walimopata faida kubwa kuliko katika vitabu vyote.

Kazi ilikuwa nzito mno. Wakati wa baridi mwalimu mkuu huyo aliamka usiku kuchochea moto wa nyumba, na mwaka 1842 afya yake ikamlazimisha kupumzika. Mapema zaidi, mwaka 1840, shule ilikuwa karibu kuvunjwa. Wajumbe wa baraza la sheria walioona ni gharama bure walitaka kuifuta pamoja na Halmashauri yenyewe. Kura zikapigwa: 182 kwa kufuta, 245 kwa kukataa.

Baadaye shule ilihamia West Newton mwaka 1844, kisha Framingham mwaka 1853, na huko iko hata leo, sasa ikiwa chuo kikuu.

Miongoni mwa wasichana wa mwaka ule wa kwanza alikuwamo Mary Swift. Bwana Peirce aliwaagiza wanafunzi kuandika daftari la mambo ya kila siku, na yeye aliandika kwa bidii. Alipomaliza masomo alikwenda Boston, katika shule ya vipofu, akapewa kumfundisha Laura Bridgman, msichana asiyeona wala kusikia, ambaye maneno yalimfikia kwa kuandikwa herufi kwa vidole katika kiganja chake. Daftari la Mary lilichapwa mwaka 1926, pamoja na lile la mwalimu wake.