Mombasa Iliyohamia Tangier

Katika filamu ya Inception iliyotoka mwaka 2010, mhusika mkuu anasafiri hadi Mombasa kumtafuta bingwa wa kughushi. Anamkuta kwenye jumba la kamari. Wanaongea kidogo, kisha mbio zinaanza: vichochoro, meza za mkahawa, risasi, na upenyo kati ya kuta mbili mwembamba kiasi cha kumbana Leonardo DiCaprio katikati. Mtu wa Kibokoni, mtaa wa Mombasa, akikodoa macho hataona mlango hata mmoja anaoujua. Ndia Kuu haipo, Fort Jesus haipo. Mombasa hiyo ilirekodiwa Tangier, Morocco, mji unaotazamana na Uhispania, upande wa bara ulio mbali kabisa na Kilindini, bandari ya Mombasa.

Filamu hiyo iligharimu takriban dola milioni 160 na ikaingiza zaidi ya dola milioni 800 katika majumba ya sinema duniani. Kamera zake zilipita Japani, Uingereza, Ufaransa, Morocco, Kanada na Marekani. Mombasa ilitoa jina tu, na jina halilipiwi kodi wala kodi ya nyumba.

Haikuwa hivyo tangu awali. Kwa miongo kadhaa Mombasa ndiyo iliyokuwa mlango wa lazima wa pesa za filamu kuingia Afrika Mashariki, kwa sababu rahisi kwamba meli zilitia nanga hapo. Mwaka 1929 kampuni ya MGM ya Marekani ilileta kundi lake zima la Trader Horn, likiongozwa na mwelekezi W. S. Van Dyke, pamoja na shehena ya vyombo, hata mitambo ya kunasa sauti, teknolojia iliyokuwa changa mno wakati huo. Wakazunguka Kenya, Uganda na Kongo kwa miezi. Mwigizaji wao wa kike, Edwina Booth, alirudi kwao mgonjwa na akaishtaki kampuni. Lakini baada ya safari yote hiyo, baadhi ya matukio ya wanyama yalirekodiwa kimya kimya huko Tecate, Mexico, mbali na sheria za Marekani zilizokataza ukatili kwa wanyama. Filamu ilitoka mwaka 1931, na watazamaji wakaamini kila walichokiona ni Afrika. Mchezo wa kuhamisha mahali kwa ajili ya sheria nafuu, basi, ni mkongwe karibu sawa na filamu zenye sauti.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Waingereza nao wakaja. Studio za Ealing zilitoa Where No Vultures Fly mwaka 1951, kisha West of Zanzibar mwaka 1954, hadithi ya magendo ya pembe za ndovu na majahazi ya Pwani. Mwaka 1956 ikatoka Beyond Mombasa, yenye Cornel Wilde na Donna Reed, ambayo angalau iliupa mji nafasi kwenye kichwa chake, ingawa neno la kwanza la kichwa hicho linamwambia mtazamaji kwamba uhondo uko mbele zaidi.

Hapa pana jambo ambalo wanaojadili vivutio vya kodi leo hulipita haraka. Filamu za enzi hiyo zilikuwa na kivutio cha serikali, na kikubwa tu, ila kilikuwa London. Sheria ya mwaka 1927 ililazimisha majumba ya sinema ya Uingereza kuonyesha fungu maalumu la filamu za Dola ya Uingereza. Kuanzia mwaka 1950 kukaongezwa tozo iliyoitwa Eady: sehemu ya bei ya tiketi iliwekwa kando na kugawiwa watengenezaji wa filamu zilizohesabiwa kuwa za Uingereza, na picha zilizopigwa makoloni na Jumuiya ya Madola ziliweza kuingia katika hesabu hiyo. Ruzuku ilichangwa na mtazamaji wa Manchester na Glasgow, ikalipwa London, na ikatumika sana huko huko, maana matukio ya ndani ya nyumba yalikamilishwa kwenye studio za Uingereza. Kilichobaki Mombasa kilikuwa ujira wa wapagazi na mabaharia, na malipo ya vyumba vya hoteli. Tozo ya Eady ilidumu hadi mwaka 1985.

Mwaka huo huo ndipo ilipotoka Out of Africa, ikazoa tuzo saba za Oscar. Mombasa ilikuwa na haki yake humo: Karen Dinesen, ambaye filamu inasimulia maisha yake, aliteremka melini na kufunga ndoa na Bror Blixen papa hapa Mombasa, Januari 1914. Katika filamu bibi harusi anashuka kwenye gari la moshi Nairobi na kuolewa huko, katikati ya walowezi wenye glasi mikononi. Mwaka uliofuata nyumba ya Blixen katika kitongoji cha Karen, Nairobi, ikafunguliwa kuwa makumbusho, na watalii wamekuwa wakilipa kiingilio tangu hapo. Faida ya filamu humfuata aliyeonekana.

Pigo lenyewe lilikuja muongo uliofuata. Ikiwa kuna hadithi ya Hollywood iliyo mali ya Mombasa, ni ile ya simba wala watu wa Tsavo. Reli ilianza kujengwa kutoka kisiwani mwaka 1896. Machi 1898 Luteni Kanali John Henry Patterson alifika kusimamia daraja la Tsavo, na simba wawili wakawatia hofu vibarua kutoka Bara Hindi hadi kazi ikasimama. Aliwaua Desemba mwaka huo, akakaa na ngozi zao kwa miaka, kisha akaziuza kwa jumba la makumbusho la Field huko Chicago kwa dola 5,000. Hollywood ilipoitengeneza hadithi hiyo kuwa The Ghost and the Darkness, iliyotoka mwaka 1996 ikiwa na Michael Douglas na Val Kilmer, sehemu kubwa ilirekodiwa katika hifadhi ya Songimvelo, Afrika Kusini. Sababu inayotajwa ni sheria za kodi za Kenya. Simba walikwenda Chicago, na filamu yao ikaenda mpakani mwa Swaziland.

Serikali ilichukua muda kuamka. Tume ya Filamu ya Kenya iliundwa mwaka 2005, kazi yake ikiwa kuitangaza nchi kwa watengenezaji wa filamu na kuwalea wale wa nyumbani. Sheria ya Fedha ya mwaka 2015 ikaja na nafuu za kueleweka: bidhaa zinazonunuliwa au kuagizwa na watengenezaji na mawakala wa filamu wa humu nchini zingeweza kusamehewa kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kwa pendekezo la Tume, na malipo kwa waigizaji na mafundi wa kigeni walioidhinishwa yakaondolewa kodi ya mapato. Lakini nafuu hizo zilikaa juu ya msingi wa kale. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, ni ya mwaka 1962. Inamtaka mwombaji wa leseni awasilishe maelezo kamili ya matukio na maneno yote yatakayotamkwa katika filamu nzima, hata sehemu itakayorekodiwa nje ya Kenya. Sheria ya namna hiyo ilitungwa na watu walioiogopa filamu. Kuitumia kuwavuta wawekezaji ni kumkaribisha mgeni huku bawabu akimpekua mifuko.

Wenzetu hawakukaa kungoja. Morocco imezoea kamera za wageni tangu Lawrence of Arabia ya mwaka 1962, na studio za Atlas kule Ouarzazate zilifunguliwa mwaka 1983. Iliwasamehe wageni VAT kwa miaka mingi. Mwaka 2018 ikaanza kuwarudishia taslimu asilimia 20 ya matumizi yao, na mwaka 2022 ikapandisha hadi 30. Christopher Nolan, mwelekezi wa Inception, alipofika Tangier mwaka 2009, paa na ngazi za mji huo zilikuwa zimeshatumika kwa mbio za The Bourne Ultimatum, na mafundi wa huko walikuwa wanajua wafanye nini.

Malta nayo ilichukua bahari. Aprili 2009 meli ya Maersk Alabama, iliyobeba chakula cha msaada, ilitekwa na maharamia wa Kisomali ikiwa njiani kwenda Mombasa, na siku chache baadaye ikatia nanga Kilindini mabaharia wake wakiwa salama. Filamu yake, Captain Phillips ya mwaka 2013, ilipigwa zaidi katika maji ya Malta. Haki itendeke: hakuna bima ambayo ingemruhusu Tom Hanks kuelea karibu na Somalia wakati ule. Ila Malta haikuwa na utulivu peke yake. Ilikuwa na mabwawa ya kurekodia matukio ya baharini tangu miaka ya 1960, na serikali inayorudisha sehemu ya gharama. Leo marejesho hayo hufika asilimia 40.

Je, Kenya nayo irudishe taslimu? Tuseme kampuni imetumia shilingi milioni 100 Mombasa na serikali imeahidi asilimia 30. Hazina inatoa milioni 30. Ili izirudishe kwa njia ya kodi, kila shilingi iliyotumika lazima ilete senti 30. VAT ya asilimia 16 imesamehewa, kodi ya waigizaji wa kigeni imesamehewa, na kijana wa Makadara aliyevaa kanzu siku mbili akapita nyuma ya kamera hapati ujira unaofikia kiwango cha kukatwa kodi. Zinabaki faida za hoteli, mishahara ya mafundi wachache, mafuta ya magari. Hesabu hiyo haifungi, na Kenya si ya kwanza kuigundua. Jimbo la Michigan, Marekani, lilianza mwaka 2008 kurudisha hadi asilimia 42. Kufikia 2015 wabunge wake walikuwa wameufuta mpango wote.

Watetezi wana jibu, nalo si dogo: bila marejesho kampuni isingekuja kabisa, kwa hiyo kodi yoyote inayopatikana ni ziada, achilia mbali ujuzi unaobaki na watalii watakaofuata. Jibu hilo ni kweli kwa kampuni ambayo kweli isingekuja. Kwa ile ambayo ingekuja hata hivyo, ni zawadi ya bure.

Hapo ndipo Mombasa inapotofautiana na sehemu nyingine za Kenya. Anayetaka kurekodi nyumbu wakivuka Mto Mara atakuja Kenya au Tanzania hata akitozwa mara mbili, kwa kuwa nyumbu hawaigiziki. Vichochoro vinaigizika. Tangier ilithibitisha hilo mbele ya dunia nzima. Marejesho ya jumla, yanayotolewa kwa kila mwenye kamera, yangeishia kwa wingi mikononi mwa wapiga picha za wanyama, ambao hawakuhitaji kubembelezwa, huku mji unaopoteza kazi kwa ushindani ukipata makombo. Ikiwa Hazina ina chochote cha kutoa, kifungwe kwa filamu za hadithi, kwa siku zilizorekodiwa mijini, na kwa mishahara ya wenyeji badala ya bajeti nzima. Na kabla ya hapo kuna nafuu isiyogharimu kitu: kupunguza karatasi. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, na Fort Jesus, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, imo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2011. Anayetaka kurekodi ngomeni na barabarani humo hukutana na leseni ya filamu, ruhusa ya Makavazi ya Taifa, kaunti, polisi, na uhamiaji kwa mafundi wake.

Ahadi ya taslimu ina hatari nyingine. Afrika Kusini, iliyoanza mpango wake mwaka 2004 na kuufanya kuwa nguzo ya studio za Cape Town, mapema 2025 iliona watengenezaji wa filamu wakiandamana kwa sababu marejesho waliyoahidiwa hayakulipwa. Nchi inayochelewesha deni hilo hupoteza mara mbili: kampuni ndogo za nyumbani, zilizokopa zikitegemea ahadi, huanguka kwanza, na wageni husikia.

Ruzuku za wengine nazo zimewahi kuifikia Pwani bila Hazina ya Nairobi kutoa senti. Die weiße Massai ya mwaka 2005, inayosimulia kisa kilichoanzia kwenye feri ya Likoni, ilikuwa filamu ya Kijerumani. Paradies: Liebe ya mwelekezi Ulrich Seidl, iliyoonyeshwa Cannes mwaka 2012 na kuwatumia vijana wa ufukweni kama waigizaji, ilikuwa ya Austria, Ujerumani na Ufaransa. Mifuko ya umma ya Ulaya huchangia filamu kama hizo, na mingi yake hutaka pesa nyingi zirudi kutumika kwao, katika uhariri, sauti na rangi. Pwani ilipata wiki za kazi, na sura ambayo wengi wa wakazi wake wasingeichagua.

Kazi ya kudumu imetoka kwingine. Mwaka 2022 Citizen TV ilianza kurusha Sultana, tamthilia ya Jiffy Pictures, kampuni ya Rashid Abdalla na Lulu Hassan, yenye mandhari, mavazi na lafudhi za Pwani. Tamthilia ya kila siku haimalizi kazi kwa wiki mbili ikapanda ndege. Inahitaji mshonaji, seremala, dereva, mpishi na mwandishi mwezi baada ya mwezi, na makosa ya Jumatatu hurekebishwa Jumanne. Nyuma ya soko hilo kuna kanuni za utangazaji zinazovitaka vituo vihakikishe angalau asilimia 40 ya vipindi vyao ni vya nyumbani. Hicho nacho ni kivutio cha serikali, cha jamaa moja na ile sheria ya London ya 1927, na Hazina hairudishi chochote. Gharama yake inabebwa na vituo vyenyewe, kwa kuwa kununua tamthilia iliyokwisha kutengenezwa ng'ambo ni rahisi kuliko kuwalipa watu wa Mombasa waanze moja.