Aliyemjua Nyamgondho: tanzia, kujitambua na zebaki ya Macalder

Mgodi wa Macalder, huko Nyatike katika kaunti ya Migori, ulifungwa mwaka 1966 baada ya kutoa shaba na dhahabu tangu enzi za ukoloni. Wenye mitambo walipoondoka, walibaki wenye sururu. Siku hizi jiwe hutolewa shimoni kwa jasho, husagwa, unga wake huoshwa kwa maji, na masalio huchanganywa na zebaki ndani ya karai, mara nyingi kwa mikono mitupu. Zebaki hukamata dhahabu. Donge linalopatikana hukamuliwa kwa kitambaa, kisha huchomwa juu ya makaa mpaka zebaki ipae na dhahabu ibaki. Mvuke huo hauonekani sana na hauwashi, lakini ukivutwa kwa miaka hudhuru ubongo na figo, na mojawapo ya dalili zake ni mikono kutetemeka.

Mtu akijua haya, mbona anaendelea? Swali hili huulizwa kana kwamba ni la maofisa wa afya peke yao. Mimi naliona ni swali la kale la tanzia: mtu huchaguaje kinachomwangamiza?

Jibu tulilozoea ni kwamba hajui vya kutosha, basi afundishwe. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, unazitaka nchi zenye wachimbaji wadogo wengi ziwe na mpango wa taifa, na kuwafikishia wachimbaji habari ni sehemu ya mpango huo. Siubezi wajibu huo. Ila palipo na imani kwamba habari peke yake itamzuia mtu, hapo amekaa Socrates. Katika Protagoras, Plato anamwonyesha Socrates akishikilia kwamba hakuna anayeliendea baya huku akijua kuwa ni baya. Tunachokiita kushindwa na tamaa ni kukosea vipimo tu, kwa sababu raha iliyo karibu huonekana kubwa kuliko madhara yaliyo mbali.

Aristotle hakuridhika. Katika kitabu cha 7 cha Maadili ya Nikomako anatenganisha kuwa na ujuzi na kuutumia. Mtu anaweza kuwa nao namna ile aliyolala au aliyelewa anavyokuwa nao. Mfano wake ni wa kuchekesha kidogo: mlevi anaweza kukariri beti za Empedocles bila kuteleza, na asiwe amezielewa hata chembe. Mchimbaji anayeweza kukutajia madhara ya zebaki moja baada ya jingine, huku akipuliza makaa, yumo katika mfano huo.

Lakini ukitaka mlevi aliyekamilika kifalsafa, usiende Athens. Panda kaskazini kwa kufuata ufuo wa Ziwa Victoria, uingie kaunti ya Homa Bay hadi Nyandiwa, nchi ya Wagwasi. Hapo husimuliwa habari za Nyamgondho wuod Ombare, mvuvi fukara aliyevuta wavu akakuta amenasa kikongwe. Alitaka kumrudisha majini. Bibi akamsihi amchukue nyumbani. Akamchukua, na ng'ombe wakaanza kumiminika bomani hata zizi likawa halitoshi. Nyamgondho akaoa, akanenepa, akawa mtu wa pombe. Usiku mmoja alirudi amelewa, akakasirishwa na namna alivyopokewa, akamtukana yule bibi kwa asili yake: kitu kilichookotwa ziwani. Bibi hakujibizana naye. Alitoka, na mifugo yote ikamfuata mpaka majini. Nyamgondho aliwakimbilia, akasimama ufuoni ameegemea fimbo, na hapo akageuka mti.

Masimulizi haya huchukuliwa kuwa onyo dhidi ya pombe na majivuno. Nadhani yana kina zaidi ya hapo. Nyamgondho hakukosa habari yoyote. Alijua alikotoka, alijua mali ilivyokuja, na tusi lenyewe ni ushahidi: ili kumtukana bibi kwamba alitolewa majini, ilimbidi aukumbuke wavu ule ule uliomtoa yeye katika ufukara. Ukweli ulikuwa mdomoni mwake. Aliutamka wote kama mlevi wa Aristotle anavyotamka beti, bila kuona kwamba anajisema mwenyewe.

Hapa napenda kumpa Aristotle nyongeza kutoka kwa nyani. Tunaposema nyani haoni kundule, huwa tunakebehi. Lakini methali hii inadai jambo zito kuhusu ujuzi: ipo sehemu ya nafsi yangu ambayo imeumbwa ionekane na wengine tu. Ikiwa hivyo, kujitambua kunakodaiwa na maandishi ya Delphi hakuwezi kuwa kazi ya mtu aliyejifungia peke yake. Sehemu ya kile nilicho iko kwa aliyeniona nilipokuwa sina kitu. Kikongwe wa Nyandiwa ndiye aliyeihifadhi sehemu hiyo ya Nyamgondho, na kosa la Nyamgondho lilikuwa kumfukuza.

Tukimgeukia Sophocles, mtunzi wa tanzia wa Ugiriki ya kale, tukiwa na wazo hili, mchezo wake kuhusu Edipode unabadilika sura. Wasomaji wa Kiswahili waliokutana na Mfalme Edipode katika tafsiri ya Samuel Mushi ya mwaka 1971 wanakumbuka jinsi mfalme anavyomsaka muuaji asijue ni yeye. Darasani hufunzwa kwamba kosa lake ni kutojua wazazi wake. Lakini mabaya yaliyotokana na kutojua huko yalitendeka kabla mchezo haujaanza. Tunachokishuhudia jukwaani ni mtu anayemtukana Tiresias, kipofu anayemjua, na kumwita mzushi aliyehongwa. Ndilo tusi la Nyamgondho kwa lugha ya ikulu.

Mpinzani anaweza kunitajia Luanda Magere, shujaa wa Wajaluo aliyekuwa na mwili wa jiwe. Yeye aliangamia kwa sababu alijulikana: mke aliyetolewa na maadui zake, watu wa Lang'o, aligundua kwamba uhai wa mumewe ulikuwa katika kivuli, akapeleka siri kwao. Pingamizi hili ni la haki, na limenilazimisha kulitengeneza dai langu upya. Kujulikana peke yake hakuokoi. Lakini tusisahau kwamba katika masimulizi mengi wazee walimwonya asimwoe mwanamke huyo. Aliwapuuza waliomjua kwa kumpenda, akajifunua kwa aliyetumwa kumjua.

Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza Macalder. Mahali pengi penye uchimbaji mdogo duniani, anayenunua dhahabu ndiye anayetoa zebaki, tena kwa mkopo. Yeye anajua mchimbaji anadaiwa kiasi gani, ada ya shule inadaiwa lini, na bei atakayoikubali jioni akiwa na njaa. Huo ni ujuzi wa yule bibi harusi wa Lang'o. Mke anayeiona mikono ikitetemeka juu ya kikombe cha chai naye anajua, na maneno yake ndiyo hupuuzwa kwanza. Semina ikija, inamwongezea mchimbaji habari ambayo anayo tayari, lakini haigusi swali la nani kati ya hawa wawili anasikilizwa.

Nina wasiwasi, hata hivyo, na wepesi wa kuliita jambo hili tanzia. Aristotle mwenyewe, katika kitabu cha 3 cha Maadili ya Nikomako, anamtaja nahodha anayetupa shehena baharini wakati wa dhoruba: hakuna atakaye hivyo, ila mwenye akili hufanya ili merikebu isizame. Wachimbaji wengine wa Nyatike wako katika dhoruba hiyo, na kuwapimia kasoro ya nafsi ni kuwaonea. Nyamgondho alikuwa ameshiba.

Miisho ya Edipode na Nyamgondho imenikaa kichwani. Tiresias alitabiri kwamba Edipode ataondoka akipapasa njia kwa fimbo, na katika mchezo wa mwisho wa Sophocles tunamwona mzee kipofu akiongozwa hadi Colonus na Antigone, binti aliyeujua uchafu wake wote na bado akamshika mkono. Nyamgondho naye anaishia na fimbo. Amezielewa sasa beti alizozikariri, na kando yake hakuna mtu.