Presha Yetu ya Ukoo: Mkonge, Chumvi na Miili ya Watu wa Tanga

Kila tunapotoka makaburini, katika ukoo wa mama yangu hutamkwa maneno yale yale: "Presha ni ya kwetu." Nimeyasikia tangu utoto wangu Muheza. Yalitamkwa bibi alipofariki ghafla baada ya futari. Yalitamkwa alipofariki mama mkubwa. Yakatamkwa tena mwaka 2015, tulipomzika mama.

Mama alikuwa ameanguka msalani alfajiri moja ya mwaka 2009. Mashauri ya kwanza ya wazee yalihusu upepo: nani kamtupia, na mganga gani aitwe. Zilipita siku mbili kabla hatujamfikisha hospitali. Daktari alipotuuliza presha yake ya kawaida ilikuwa ngapi, tulitazamana. Mama hakuwa amepimwa hata mara moja, ingawa sote tulikuwa tukisema kwamba presha ni ya kwetu. Aliishi miaka sita upande wa kulia ukiwa umepooza, akilishwa na dada yangu mdogo, ambaye aliacha biashara yake kwa ajili hiyo.

Mimi ni mwalimu wa historia, si tabibu. Lakini msemo huu wa ukoo ni dai la kihistoria: unasema kwamba kuna kitu tulichorithi, kutoka kwa watu fulani, katika wakati fulani. Dai la namna hiyo lina haki ya kuhojiwa kama madai mengine ya historia.

Nianze na swali jepesi: ukoo wetu ni upi? Babu mzaa mama alitoka Kigoma, akaja Tanga miaka ya 1940 akiwa manamba wa mkonge. Mkonge wenyewe ulikuwa mgeni kama yeye. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Amerika, na ni miche 62 tu iliyofika hai na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mwaka huo huo ujenzi wa reli ulianza Tanga, na reli ikafika Moshi mwaka 1911. Mashamba yakajipanga kandokando yake, na mashamba yakataka watu. Ndivyo walivyoletwa Waha, Warundi, Wangoni, Wamakonde na wengineo, wakapewa kipande cha kuhesabia siku za kazi na posho ya unga, maharage na chumvi. Babu alimaliza mkataba wake wa kwanza, hakurudi kwao, akamwoa Mbondei.

Basi "damu yetu" ni damu mbili zilizotoka pande mbili za nchi. Ipi iliyoleta presha? Ndugu za bibi waliobaki kwenye vilima vya Magoroto, wakilima migomba na mihogo kwenye miteremko, walikuwa wembamba hadi uzee wao, na sikumbuki kusikia msiba wa kiharusi kutoka kwao. Sisemi hawakuwa na presha, maana nao hawakupimwa. Lakini mke wa mjomba, Mdigo wa Mkinga asiyechangia nasi hata tone la damu, anameza vidonge vya presha mwaka wa kumi na mbili sasa. Alichochangia nasi ni chungu.

Ukoo mmoja si ushahidi wa kutosha, hivyo nimetafuta penye vipimo. Mwaka 1929 daktari C. P. Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo Kusini, magharibi mwa Kenya, alichapisha katika jarida la Lancet vipimo vya presha vya Waafrika wapatao 1,000. Aliona kwamba presha yao haikupanda pamoja na umri kama ya Wazungu. Baada ya miaka 40 ilielekea hata kushuka. Miongo sita baadaye, katika eneo hilo hilo la magharibi mwa Kenya, watafiti waliwafuatilia Waluo waliohama vijijini kwenda Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Katika miezi ya mwanzo tu ya kuishi mjini, wahamiaji walikuwa na presha ya juu kuliko wenzao wa kijijini. Mkojo wao ulionyesha kwamba walikula chumvi nyingi zaidi, na uzito wao ulikuwa mkubwa zaidi. Damu ya kabila haibadiliki kwa safari ya treni. Kilichobadilika ni chakula, kazi na maisha.

Ushahidi wa mbali zaidi unaelekea huko huko. Mwaka 1997 Richard Cooper na wenzake walilinganisha watu wenye asili ya Afrika Magharibi katika mabara mawili. Presha ya juu ilikutwa kwa takriban asilimia 16 ya waliopimwa Afrika Magharibi, asilimia 26 katika visiwa vya Karibiani, na asilimia 33 Marekani. Kadiri uzito wa wastani ulivyopanda, ndivyo presha ilivyopanda.

Hapa napaswa kutaja nadharia moja ambayo husikika madarasani, na ambayo inaweza kutuvutia sisi wa pwani, tuliozaliwa jirani na Pangani, mji uliokuwa lango la misafara ya pembe na watumwa. Nadharia hiyo inasema kwamba watumwa walionusurika safari ya kuvuka Atlantiki walikuwa wale ambao miili yao ilishika chumvi, na kwamba ndiyo maana vizazi vyao Marekani vina presha. Mwaka 1992 mwanahistoria Philip Curtin aliipitia kumbukumbu kwa kumbukumbu, akaonyesha kwamba historia inayotegemewa na nadharia hiyo haina ushahidi. Fundisho lake kwetu ni kubwa: tukishindwa kueleza ugonjwa kwa hali ya maisha, huwa wepesi wa kuubebesha mababu.

Je, tulirithi nini basi? Tulirithi chumvi, kwanza. Pwani isiyokuwa na barafu ilihifadhi samaki kwa chumvi na jua, na ng'onda na papa mkavu wakawa kitoweo cha heshima kutoka Moa hadi Pangani. Mvuvi aliyepiga kasia usiku kucha na mkata mkonge aliyeinama tangu alfajiri walitokwa na sehemu ya chumvi hiyo kwa jasho. Sisi wajukuu tumebaki na ladha yao bila jasho lao. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai. Hesabu kijiko hicho katika chipsi, bagia, supu ya asubuhi na kitoweo cha jioni, kisha uone kama kinatosha.

Tulirithi pia kuporomoka kwa kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 hazikufika 30,000. Mashamba yaligeuka vichaka, na watoto wa manamba wakahamia mjini kuuza duka, kushona, kulinda mageti. Tanga, iliyosifika kwa baiskeli, sasa inakwenda kwa bodaboda. Posho ya ugali ilibaki mezani, ikaongezewa mafuta ya bei nafuu na soda.

Na tulirithi maana ya mwili. Kwa mtu aliyewahi kuona njaa, unene ni habari njema. Mpaka leo aliyeongezeka uzito huambiwa kwamba amenawiri, amepata afya. Kisha ukaja UKIMWI, uliotambuliwa nchini mwaka 1983 huko Kagera. Kukonda kukawa hukumu. Namkumbuka mama yangu, katika miaka ya 1990, akikataa katakata kupunguza chakula baada ya muuguzi mmoja kumshauri hivyo. "Watu watasema nimeugua," alijibu. Hakuwa mjinga. Alikuwa anausoma mtaa wake kwa usahihi. Ndiyo maana sikubaliani na wanaodhani kwamba unene ni dhambi ya ulafi, wa kuchekwa ofisini na kwenye daladala. Aibu haijapata kushusha presha ya mtu.

Sikatai urithi wa damu. Wataalamu wamethibitisha kwamba mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliye na presha yumo hatarini zaidi, na kwamba wapo watu wembamba wenye presha ya juu. Lakini vinasaba vinavyohusika ni vingi, na kila kimoja huchangia kidogo. Uzito ndio mzigo unaoongezwa juu yake: mwili ukikua, moyo husukuma damu nyingi zaidi, na mafuta ya tumboni huzifanya figo zizuie chumvi na maji. Mzigo huo, tofauti na wazazi, unaweza kupunguzwa. Kwa wastani, kila kilo moja inayopungua hushusha presha ya juu kwa takriban milimita moja ya zebaki. Ni kidogo, lakini kilo tano ni tofauti inayoonekana kwenye mashine.

Kwa hiyo "ni ya kwetu" lingepaswa kuwa sababu ya kupimwa mapema. Sisi tumelifanya sababu ya kutopimwa. Na si sisi peke yetu. Utafiti uliofanywa Ilala na Hai miaka ya 1990 ulikuta kwamba, kati ya wenye presha ya juu, waliojijua hawakufika mmoja kati ya watano, na wale ambao presha yao ilikuwa imedhibitiwa hawakufika asilimia 1. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ana presha ya juu.

Hapa ndipo serikali inapoingia. Presha ni ugonjwa wa kumeza dawa kila siku, kwa miaka. Mfumo wa kuchangia gharama ulioanza katika hospitali za umma mwaka 1993 ulimfundisha maskini kwenda hospitali akiwa hoi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itapimwa kwa jambo dogo sana: je, mama wa Muheza atakuta kidonge chake kwenye zahanati ya kijiji, mwezi huu na mwezi ujao? Watumishi wa umma mnaosoma hapa mnalijua jibu la kituo chenu kuliko mimi.

Nami nilikuwa katika hao wasiojijua. Miaka sita nilimwuguza mama bila kuuweka mkono wangu kwenye mashine. Nilipimwa baada ya maziko, nikakutwa na 158 kwa 96, ilhali kikomo ni 140 kwa 90. Nilikuwa na miaka 44 na kilo 97.

Kwenye arobaini ya mjomba, mwaka jana, dada yangu aliiweka mashine ya kupimia presha juu ya meza ya chai, pembeni ya sahani ya vitumbua. Wazee walinung'unika kwamba si mahali pake. Kisha mke wa mjomba akakunja mkono wa baibui, akakaa wa kwanza. Vijana wakapanga foleni nyuma yake, na dada akaandika kila jina na kila namba katika daftari. Daftari hilo ndilo kumbukumbu ya kwanza ya presha yetu ya ukoo iliyoandikwa.