Ukungu wa mahindi na alama yake kwenye ini

Wadau wa Musoma, Bunda na Butiama, hii inatuhusu walaji wa ugali. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa mashudu ya karanga yenye ukungu. Sumu ikaitwa aflatoksini. Mwaka 1991 watafiti wakaikuta alama yake kwenye saratani za ini za wagonjwa wa China na kusini mwa Afrika: herufi moja, G, imegeuka T kwenye jeni p53, ile breki ya seli zilizoharibika. Mwenye homa ya ini B ndo hatarini zaidi. Kenya 2004, mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125. Mkienda likizo waambieni nyumbani: tusianike mahindi chini, na yenye ukungu yasifike mashineni wala kwenye pombe. Tuko pamoja!