Mita 30 kutoka wapi?

Uzi kidogo, wasee wa Ruaraka.

Kila mvua kubwa ikinyesha, hapa Baba Dogo mjadala ni ule ule. Mwanasiasa mmoja anasema watu watolewe kando ya mto, ni mita 30. Mwingine anapanda jukwaani anasema ni mita 6, mwananchi asionewe. Mei 2024, tingatinga zilipoingia Mathare, si mbali na kwetu, nilisikia hizo namba mbili mpaka nikachoka. Lakini mita 30 kutoka wapi?

Kanuni za ubora wa maji za 2006, zilizo chini ya sheria ya mazingira ya 1999, zinasema isiwe chini ya mita 6 wala zaidi ya mita 30 kila upande, kwa kufuata kiwango cha juu kabisa cha mafuriko kilichorekodiwa. Rudi kwa hilo neno la mwisho. Kimerekodiwa na nani?

Hapo ndipo historia inaingia. Mtoni husimamishwa ubao wenye alama za mita. Mtu anayekaa karibu anaenda kila siku, anaangalia maji yamefika wapi, anaandika kwa kitabu. Mara nyingi hakuwa hata mtumishi kamili wa serikali, ni jirani tu anayepewa posho. Nyuma yake kuna fundi wa kupima kasi ya maji, halafu karani wa kupanga hizo namba ofisini. Hakuna anayepiga picha na karani.

Ukitaka kuona faida yake, nenda Jinja. Kina cha Ziwa Victoria kimepimwa pale kwa miaka mingi. Mei 2020 maji yalipofurika na watu wakahama, wataalamu waliweza kusema yamefika mita 13.42, wakati rekodi ya 1964 ilikuwa 13.41. Sentimita moja! Bila wale walioandika mwaka wa 1964, kila mtu angebishana kwa kelele.

Au chukua wanyama. Mwaka 1975 Kenya ilianzisha kitengo cha kuwahesabu kwa ndege ndogo nyanda za malisho. Rubani mbele, wahesabuji nyuma, kila mmoja na dirisha lake, miaka nenda miaka rudi. Kitengo kimebadilishwa jina lakini hesabu iliendelea. Ndiyo maana 2016 watafiti waliweza kuonyesha kwamba wanyamapori wamepungua kwa wastani wa asilimia 68 tangu 1977. Hiyo namba utaisikia mikutanoni. Wale wa kiti cha nyuma hutawasikia.

Sasa mito. Kuanzia 1993 serikali, ikisukumwa na wakopeshaji, ilianza kupunguza wafanyakazi. Mpango wa kustaafu mapema ulilenga hasa madaraja ya chini, yaani makarani, madereva, wasaidizi wa maabara. Kwa karatasi ilionekana ni kupunguza mafuta. Ni watu wa aina hiyo hiyo wanaobeba kazi ya vipimo, na miaka hiyo vituo vingi vya mito vilinyamaza. Sheria ya maji ya 2002 ikaleta mamlaka mpya, lakini mwaka ambao haukupimwa huwezi kurudi kuupima.

Mtu ataniambia siku hizi kuna mitambo inayojisomea. Sawa. Betri ikiibwa nani ataripoti? Takataka zikiziba bomba nani atazitoa? Anahitajika mtu, na akipewa mkataba wa miezi mitatu mitatu, mwaka wa pili ameshapata kazi kwingine, ameondoka na ujuzi wote wa huo mto. Mimi simlaumu, ana watoto wa shule.

Huku mtaani wazee wanakumbuka maji ya El Niño ya 1997 yalifika mlango gani. Watakuonyesha hata ukuta. Lakini wakili wa upande wa pili atauliza iliandikwa wapi, na hapo mzee ananyamaza. Mwenye nyumba ya mabati anabomolewa kwa mstari ambao hajaonyeshwa ulipimwaje, na mwenye ghorofa anaachwa kwa mstari huo huo.

Kwa hiyo mgombea akija hapa na mita zake, mimi sitamuuliza ni 6 au 30. Nitamuuliza ubao wa karibu uko wapi, nani anausoma, na analipwa na nani.