Ng'amba na Bei ya Gamba Lake

Vitabu vya historia ya Afrika ya Mashariki hutenga sura nzima kwa ajili ya pembe za ndovu. Ng'amba hupewa neno moja tu katikati ya orodha ya bidhaa, kisha msomaji anapitishwa haraka kuelekea mambo mengine. Nilifundisha somo hilo miaka mingi katika chuo cha ualimu, kabla na baada ya kuwa mkuu wa chuo, na jambo hili halikuacha kunikera. Kasa huyu ana mapisi marefu kuliko miji yetu mingi ya mwambao.

Andiko la kale la Kigiriki liitwalo Periplus, la karne ya kwanza, lilitungwa na mfanyabiashara wa Misri asiyejulikana jina. Anaitaja bandari ya Rhapta, katika pwani ambayo leo ni ya Tanzania, na magamba ya kasa ya huko anayasifu kuwa ya pili baada ya yale ya Uhindi. Anasimulia pia kisiwa cha Menuthias, ambacho wengine husema ni Pemba, wengine Unguja, wengine Mafia. Watu wa huko, asema, waliwanasa kasa kwa vikapu walivyotega penye milango ya maji. Nilipokuwa nikiyaeleza hayo darasani, mwanachuo mmoja, mtoto wa mvuvi wa Pemba, alinyoosha mkono: "Mwalimu, hayo si madema?" Wenzake walicheka. Mimi sijasikia tafsiri iliyo bora kuliko hiyo.

Ng'amba hujulikana kwa mdomo wake uliochongoka kama wa mwewe. Kwa mdomo huo huchokoa sifongo katika mianya ya matumbawe, chakula ambacho wanyama wengi hukikimbia kwa miiba na sumu yake, na kwa kuzipunguza sifongo huyapa matumbawe nafasi ya kukua. Gamba lake lina mabamba yaliyolaliana kama vigae vya paa. Likipata moto hulainika, fundi akalipinda na kulichonga chanuo, kikuku au fremu ya miwani. Msiba wake umetoka hapo.

Jike hutaga mayai zaidi ya 100 kwa mara moja, akayafukia mchangani na kurudi baharini. Watoto hutoka baada ya siku 60 hivi. Joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia yao: mchanga wa moto zaidi hutoa majike. Wachache wanaopona huchukua miaka 20 au zaidi kabla ya kuzaa. Sasa piga hesabu, ndugu msomaji, uone mnyama wa namna hii atashindanaje na mnunuzi anayeleta oda kila mwaka.

Mnunuzi mkubwa wa karne iliyopita alikuwa Japani, kwa ajili ya mafundi wake, hasa wa Nagasaki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kuwa tangu 1844 hadi 1992 biashara ya dunia ilimeza karibu ng'amba milioni 9. Mkataba wa kimataifa uitwao CITES ulipiga marufuku biashara ya ng'amba wote mwaka 1977, lakini Japani ilipojiunga mwaka 1980 ilijiwekea sharti la kuendelea kununua, na ikaendelea hadi mwisho wa 1992.

Shelisheli walifanya kwa busara zaidi. Hawakuishia kutunga sheria mwaka 1994. Serikali ilinunua akiba ya magamba ya mafundi, ikawalipa fidia. Mwaka 1998 akiba hiyo, tani 2 na nusu hivi, ilichomwa moto hadharani. Katika kisiwa cha Cousin, kinachohifadhiwa tangu 1968, majike wanaotaga waliongezeka takriban mara 8 katika miongo mitatu na ushei.

Kwetu sheria inawalinda kasa wote, lakini bado wanaliwa, hata kwa hatari. Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, Pemba, watu 9 walifariki baada ya kula nyama ya kasa, 8 kati yao watoto. Marufuku haikuwafikia jikoni.

Ndiyo maana napenda mpango ulioanzishwa Mafia mwaka 2001. Mwanakijiji aliyeonyesha kiota alilipwa kiasi, na kiasi kingine kilitegemea mayai mangapi yameanguliwa salama. Sehemu hiyo ya pili iliwekwa na mtu anayewajua binadamu, maana aliyekiona kiota alibaki na sababu ya kukichunga miezi miwili mizima.