Utando Utenganishao Maji na Chumvi

Msomaji, ukipita katika mitaa ya Komarock, upande wa mashariki wa mji wa Nairobi, utaona maduka madogo yauzayo maji ya kunywa, na watu wakingoja na mitungi yao. Katika maduka mengi ya namna hiyo pampu huyasukuma maji kwa nguvu yapenye utando mwembamba. Historia ya utando huo ndiyo nitakayo kukusimulia.

Kwanza yakupasa kujua kwa nini twauhitaji. Maji ya visima virefu vya Nairobi, na ya sehemu nyingi za Bonde la Ufa, mara nyingi huwa na floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 katika lita moja. Mtoto anywaye maji yanayopita kikomo hicho kwa miaka mingi huweza kuota meno yenye madoa ya kahawia, na floraidi ikizidi sana hata mifupa huharibika. Wala usidhani kwamba kuchemsha kutakuokoa. Moto huua vijidudu, lakini floraidi hubaki chunguni.

Nguvu ya utando ilionekana zamani. Mwaka 1748 Mfaransa Jean-Antoine Nollet alijaza chombo pombe kali, akakifunika kwa kibofu cha nguruwe, akakitumbukiza majini. Maji yalipenya kibofu na kuingia ndani, hata kikavimba. Tabia hiyo huitwa osimosisi. Baadaye wataalamu walijiuliza: je, tukiyasukuma maji ya chumvi kwa nguvu, hayatapenya utando na kuiacha chumvi nyuma?

Iligunduliwa kwamba yawezekana, ila tando za kwanza zilipitisha maji kidogo mno. Ndipo alipotokea Sidney Loeb, mhandisi wa kemikali wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1917. Alikuwa amefanya kazi viwandani miaka mingi kabla ya kurudi masomoni, akiwa mtu mzima, katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kufikia mwaka 1960, yeye na mwenzake Srinivasa Sourirajan walikuwa wametengeneza utando wenye ngozi nyembamba sana juu, na chini yake tabaka lenye vitundu kama sifongo. Ngozi ilizuia chumvi, na sifongo iliishikilia ngozi isipasuke. Mwaka 1965 mji mdogo wa Coalinga, California, ulianza kupata maji kwa njia hiyo. Loeb alihamia Israeli, akawa profesa katika mji wa Beersheba, akaendelea na utafiti wa tando. Alifariki mwaka 2008.

Lakini utando wa Loeb hutaka pampu na nishati, na sehemu ya maji humwagwa pamoja na chumvi. Je, kijiji kisicho na umeme kifanyeje? Swali hilo lilimshughulisha Askwar Hilonga, Mtanzania wa kijiji cha Gongali, Karatu. Alisomea uhandisi wa kemikali hadi kupata shahada ya udaktari huko Korea Kusini, kisha akarudi kufundisha katika Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha. Kichujio chake hakitumii msukumo mkubwa. Maji hupita katika mchanga na katika chembe ndogo mno, zichaguliwazo kufuatana na uchafu wa maji ya mahali penyewe. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Afrika ya ubunifu wa uhandisi, itolewayo na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pamoja na pauni 25,000.

Basi hapana dawa moja ya maji yote. Utando na kichujio vyote huchakaa, na vikichakaa huacha kilichopaswa kuzuiwa kipite. Nawe, msomaji, usiyapime maji kwa weupe wake, kwa maana floraidi haina rangi. Muulize muuzaji maji yake yatoka wapi, yamepimwa lini, na utando wake ulibadilishwa lini. Akishindwa kukujibu, usiyaamini maji yale.